Udongo wa Juu Urudi Juu

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa kitenge, mkanipa soda, kisha mkaniomba niseme machache. Nikasema asanteni sana, nikakaa. Najua mlisikitika, maana mlikuwa mmeazima hadi kipaza sauti. Si kwamba sikuwa na la kusema. Maisha yangu yote ya kazi nimeongea nikiwa nimeinamia shimo, na mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki maneno hunikimbia. Kwa hiyo naandika, nikiwa barazani kwangu Buswelu. Jirani yangu mpya hapa ameleta greda likakwangua kiwanja chake mpaka kwenye kokoto, udongo wote mweusi ukasukumwa korongoni, halafu akanunua lori zima la udongo mweusi ili apande maua. Nilitamani kumwambia kitu. Nikakumbuka nimestaafu.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa na mishahara ilikuwa ya serikali, hakuna hadithi pale. Nitawaambia nilichofundishwa, na nitawaambia habari za shamba moja ng'ambo ya Sengerema ambalo bado linaninyima usingizi mvua ikinyesha.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha chuo cha kilimo, begi moja, na mkungu wa ndizi za mama uliokuwa umeanza kuiva kabla meli haijatia nanga. Sikuwa na ndugu mjini. Nilipanga chumba Nyegezi kwa familia njema kabisa, iliyozungumza Kisukuma nyumbani. Kiswahili walikitunza kwa ajili yangu kama watu wanavyotunza vikombe vya wageni: kilitolewa nilipoingia, kikarudishwa kabatini nilipotoka. Hawakunikosea lolote. Lakini mtu huchoka kuwa mgeni kila siku.

Ofisini nilikabidhiwa kwa Mzee Magesa, mtu wa Ukerewe, mfupi, mwenye kofia ya kaki ambayo nadhani alizaliwa nayo. Alikuwa amepima udongo wa pande zote za ziwa. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba," kisha bila kunipa kiti akaniuliza, "Umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Basi niambie udongo unatoka wapi."

Nikamjibu kama nilivyojibu kwenye mtihani: udongo ni tabaka la juu la ardhi lenye chembe za madini, maji, hewa na mabaki ya viumbe. Akasubiri nimalize kwa heshima zote.

"Sikukuuliza ni nini, binti. Nimekuuliza unatoka wapi."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na jiwe kubwa kuliko ofisi yenyewe, kama mnavyojua mawe ya Mwanza. Akanipeleka pale, akaniambia nilikwaruze kwa ukucha. Nikaona ni utani wa kumpima mgeni. Lakini upande ule uliokuwa na madoa ya kijivu na kijani, ukucha wangu uliondoa punje, kisha nyingine. Zilikuwa punje za mchanga. Akanieleza kwamba jua hulichoma jiwe mchana na baridi hulikaza usiku, mvua huingia katika nyufa, yale madoa, ambayo ni viumbe hai, hulila taratibu, na mzizi wa nyasi ukipata ufa hauuachii. Jiwe linaachia punje moja moja. Punje nzito hubaki karibu na jiwe, nyepesi huteremka na maji. Ndiyo maana ukitoka kilimani kwenda bondeni unakanyaga udongo tofauti, na Wasukuma wameupa kila mmoja jina lake: juu kabisa luseni, mchanga mweupe usioshika maji, katikati itogolo, mgumu, unaogonga jembe, chini kabisa mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kukunyang'anya viatu masika. "Wote hao ni watoto wa jiwe hili," alisema. "Wamehama tu."

Siku ile nzima hakunifundisha kitu kingine. Nilirudi Nyegezi na mchanga ndani ya ukucha, na sikuwa na mtu wa kumsimulia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na keekee ndefu ya kutobolea ardhi, jembe, koleo, na kitabu cha rangi chenye vipande vidogo unavyovilinganisha na bonge la udongo ili usije ukaita chekundu kile ambacho mwenzako anakiita kahawia. Kulikuwa na chupa ya asidi hafifu. Ukidondosha tone kwenye udongo wenye chokaa unachemka kama soda iliyofunguliwa. Na kulikuwa na mate. Ninyi leo mna mashine, mimi nilikuwa na mate. Unalowanisha udongo kidogo, unauviringisha kiganjani. Ukivunjika una mchanga mwingi, ukitoa kamba kama tambi ni wa mfinyanzi. Mzee Magesa alionja pia, kutafuta chumvi, na mimi nikaiga. Katika kijiji kimoja akina mama waliniona nikionja, wakaja na vigelegele kunipongeza, maana kwao mwanamke anayelamba udongo ana sababu moja tu. Mmoja akaniuliza baba wa mtoto ni nani. Mzee Magesa alicheka mpaka akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Na mimi nilicheka. Usiku, ndani ya hema langu la kazini, nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupita umri aliokuwa nao mama yangu aliponizaa, na hakuna mwanamume aliyekuwa akiniulizia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mzee Magesa alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania kamwe. Kabla ya kuchimba shimo la kupimia unatandika magunia pembeni. Udongo wa juu, ule mweusi, unauweka gunia la kulia. Wa chini yake, mwekundu au mweupe, gunia la kushoto. Ukimaliza kupima unarudisha kinyumenyume: wa chini kwanza, unaukanyaga, kisha mweusi juu, kisha unapandikiza nyasi zilezile ulizoziondoa. "Wa juu urudi juu," alikuwa akisema. "Ukishamaliza, mwenye shamba akipita asijue kama ulikuwepo." Niliifuata sheria hiyo maisha yangu yote. Ilichukua miaka kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nimechagua kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna dalili kwamba ulipita.

Kisha yakaja mageuzi. Ninyi mmeyasoma, sisi tulisomewa majina. Tulikusanywa uani, ofisa mmoja kutoka juu akasoma majina ya waliopunguzwa kazini, na Mzee Magesa alikuwa miongoni mwao. Aliosha koleo lake, akalikausha kwa kitambaa, akanikabidhi, akapanda boti kwenda kwao. Aliahidi kuja kunitembelea. Miaka michache baadaye nikiwa ninakula chakula cha mchana nilisikia jina lake redioni, katika matangazo ya vifo, kati ya jina la mtu wa Magu na la mtu wa Geita. Nilikuwa na ndizi mdomoni. Nilishindwa kuimeza na nilishindwa kuitema.

Ofisi ilibadilika. Chumba cha sampuli kikapangishwa kwa muuza mitumba, na mashati ya watu wa Ulaya yakaning'inizwa pale palipokuwa na udongo wa Ukerewe. Mjini kila mtu alizungumzia minofu ya sangara iliyokuwa ikiruka na ndege, na sisi tukala mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. Kwenye pamba ushirika ulilegea, wanunuzi binafsi wakaja na magari na mizani zao, na mbolea ikapanda bei mpaka wakulima wakaacha hata kuiuliza. Ziwani yakazuka magugu maji, yakafunga gati na kuzuia mitumbwi. Watu walisema ni laana. Mimi niliangalia maji baada ya mvua, yalivyokuwa ya rangi ya chai ya maziwa kandokando ya ufuko, nikajua mengi ya yale magugu yalikuwa yanalishwa na mashamba ya watu. Udongo wa juu ulikuwa unaondoka kilimani na kwenda kustawisha gugu lisiloliwa na mtu wala ng'ombe.

Kitengo chetu kikabaki mimi tu. Nilikuwa mpweke, na naliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu siku ile ya soda mlinisifu kwamba nilipenda kufanya kazi peke yangu. Sikupenda. Nilibakizwa.

Ndipo nikamjua Bibi Nkwimba. Kijiji chake kiko ng'ambo, unavuka kwa kivuko kwenda Sengerema kisha unapanda gari la mnadani. Vilima vya pale ni mawe na luseni tupu, na mwaka ule mahindi ya watu yalikuwa ya manjano, urefu wa kiuno. Katikati ya umanjano ule kulikuwa na kipande kimoja cha kijani kilichokolea. Nilikifuata kama mtu anayefuata harufu ya chakula. Nikamkuta mwanamke mrefu, mjane, mwenye nywele nyeupe, anapalilia.

"Mwadila mayu," nikamsalimia, kama mtu anavyomsalimia mama. Kisukuma changu kiliishia karibu na hapo.

"Mwadila. Kalibu. Wewe ndiye yule mama wa mashimo?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Unatafuta nini humo ndani?"

"Natafuta kujua kwa nini mahindi yako yanawashinda wengine, na mbolea hununui."

"Si ungeniuliza tu?"

"Nakuuliza, bibi."

Akaegemea jembe. "Hapa ni itongo. Baba wa mume wangu alikuwa na mji wake hapa, na babu yake pia. Ng'ombe walilala hapa. Majivu yalimwagwa hapa, maganda, mabua, kila kitu. Na mimi namwaga mpaka leo. Siuzi samadi, sichomi mabua. Wengine wote walihama. Mimi sikuhama."

Itongo, kwa asiyejua, ni mahali palipowahi kuwa na makazi ya mtu. Mimi nimetoka kwenye migomba, na nilielewa mara moja. Kwetu Kagera bibi yangu alikuwa akikata nyasi porini kila siku, anazitandaza chini ya migomba, na bibi yake alifanya hivyohivyo, mpaka kibanja kikawa cheusi wakati pori la jirani ni jekundu na kavu. Kibanja kile walipewa kaka zangu. Nilipoingiza kidole katika udongo wa Bibi Nkwimba, mweusi, mwororo, unaobaki na unyevu wakati luseni ya jirani imekuwa unga, nilitamani kukaa chini pale pale.

Nilimwomba nichimbe shimo pembeni mwa itongo, ili wakulima na watoto wa shule ya msingi ya karibu waje waone. Akakubali. Mwalimu akaleta darasa zima, wakaja na watu wazima, akiwemo Masanja, mtoto wa Bibi Nkwimba, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amerudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita bila kitu zaidi ya kikohozi.

Niliingia shimoni nikawaambia watoto wanyooshe mkono. Kidole kidogo ni jiwe, nikasema, maana udongo huanzia hapo. Kinachofuata ni jua na mvua, ambavyo hulivunja jiwe. Cha kati ni vyote vilivyo hai, majani, mizizi, mchwa na minyoo, ambao wakila na wakifa huugeuza mchanga kuwa mweusi. Cha shahada ni mteremko, unaoamua nani abaki juu na nani ashuke. Na gumba ni muda. "Sasa kunjeni gumba, mjaribu kushika kalamu." Wakajaribu, kalamu zikaanguka, wakacheka.

"Muda gani, mwalimu?" akauliza msichana mmoja.

"Udongo wenye unene wa gumba lako ulianza kutengenezwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na mvua moja kubwa, kama shamba liko wazi, inaubeba mpaka ziwani. Ukishafika huko hauna nauli ya kurudi."

"Na kiganja?" akauliza mwalimu, kwa kunichokoza.

"Kiganja ni sisi," nikasema. "Udongo mweusi hivi juu ya kilima cha luseni haukuletwa na jiwe wala mvua. Umeletwa na akina mama wenye makarai."

Bibi Nkwimba aliiweka sawa khanga yake begani.

Masanja alikuwa ameinama ukingoni. "Kule chini kinang'aa nini?"

Chini kabisa ya shimo tulikuwa tumefikia jiwe lililooza, laini, lililojaa ulanga. Ulanga ni magamba membamba ndani ya jiwe letu la Mwanza. Jiwe likioza, hugeuka rangi ya dhahabu na kumeremeta juani. Nikalichukua gamba moja, nikalisugua kwa vidole, likapukutika. Nikamwonyesha. "Si dhahabu. Hii ndiyo alama kwamba udongo wote huu mama yake ni jiwe." Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikafukia shimo, wa chini kwanza, nikaukanyaga, mweusi juu, nikapandikiza nyasi. Bibi Nkwimba alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za njiani. Jioni ile palikuwa kama hapajaguswa.

Nilirudi baada ya mavuno, kabla ya mvua. Kwa mbali sikupaona. Nilidhani nimepotea njia, kwa sababu nilikuwa natafuta kipande cheusi na mbele yangu kulikuwa na vichuguu vyeupe tu. Nilipokaribia nikaona kwamba ni vifusi. Itongo lote lilikuwa limetobolewa mashimo, mengine yenye kina cha kumfunika mtu, na mchanga mweupe wa chini ulikuwa umemwagwa juu ya ule mweusi, umeufunika na kuchanganyika nao. Bibi Nkwimba alikuwa amekaa juu ya kifusi kimoja, mikono mapajani.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Alikwenda Buswelu kwa binti yake aliyejifungua, akakaa kule kumsaidia. Nyuma yake Masanja akaleta wenzake wa machimboni. Walichimba mchana kweupe, na kijiji kizima kikaja kuangalia, na wengine wakachimba pia.

"Lakini nilimwambia si dhahabu," nikasema. "Nilimpukutishia mbele ya macho yake."

"Amesema mlikuwa mnaficha. Siku hizi wakubwa wote wanaficha, kila siku tunasikia kampuni zinapewa ardhi. Amesema, kama hakuna kitu, mbona mama wa mashimo alifukia vizuri hivyo? Nani anafukia shimo tupu kwa mpangilio, anapanda mpaka nyasi?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, kilitoka chenyewe, kicheko kibaya. Yaani sheria ya Mzee Magesa, ile ya kumheshimu mwenye shamba, ndiyo iliyokuwa ushahidi. Kama ningeacha shimo wazi kama mtu mchafu wasingegusa kitu. Kisha nikakasirika, na hasira ile ninayo hadi leo, nikisikia mtu anaita udongo uchafu.

"Binti yangu anataka nikaishi Buswelu," akasema. "Hapa chakula cha mwaka hakipo tena. Lakini mume wangu amelala pale." Akaonyesha kwa kidevu mwisho wa shamba, penye mawe ya kaburi. "Mayu, wewe ndiye mwenye elimu ya haya mambo. Udongo huu unachukua muda gani kurudi?"

Katika kazi yangu yote sijaulizwa swali gumu kuliko hilo. Nilikaa juu ya kifusi cha pembeni yake.

"Wa jiwe, bibi, hatutauona, wewe wala mimi. Wa mkono, tukianza leo, labda utauona."

Akanyanyuka, akapangusa mchanga nguoni. "Basi tuanze. Mimi siwezi kulingoja jiwe."

Nilichukua likizo. Kwa kawaida likizo zangu nilizitumia kulala. Tukaanza kuchambua vifusi, kimoja baada ya kingine, mweusi kando, mweupe na mwekundu kando, na palipochanganyika nilifungua kitabu cha rangi, nikamwachia bibi aamue, naye hakuhitaji kitabu. Asubuhi ya pili Masanja akatokea na karai. Mama yake hakumsalimia na hakumfukuza. Akamwonyesha kifusi. Masanja alibeba na kumwaga mashimoni bila kuangalia, mimi nikampigia kelele kijiji kizima kikasikia: "Wewe! Mwekundu kwanza! Mweusi mwisho!" Nilipiga kelele hiyo mara nyingi mno. Watoto wakaigeuza wimbo, nikipita njiani wanaimba "Mweusi mwishooo," wananiiga hadi mwendo. Watu wazima waliniona kichaa, mwanamke wa ofisini anayepanga mchanga. Waitu, kama tusemavyo kwetu Bukoba, hata mimi nilijiona hivyo.

Msimu wa kwanza mahindi hayakufika kiunoni. Bibi Nkwimba alikula mihogo ya kupewa, na kupewa kulimuumiza kuliko njaa. Lakini hakuhama. Masanja naye hakurudi Geita. Alichukua ng'ombe wa watu kuwachunga, na malipo yake yalikuwa kuwalaza pale. Majivu yakaanza kumwagwa tena, maganda, mabua. Nilikwenda kila msimu, kwa kisingizio cha kupima. Nilichomeka keekee, nikaangalia mweusi umeshuka kiasi gani, kisha nikakaa jikoni. Bibi alikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu, akakitundika kwenye msumari pamoja na vya nyumbani, na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea. "Hicho cha mama wa mashimo," alikuwa akisema. Katika miaka yangu yote ya Mwanza, kikombe changu kisichokuwa cha wageni kilikuwa ng'ambo ya ziwa.

Mahindi yalirudi kuwa ya kijani. Si kama zamani, sitawadanganya. Keekee haidanganyi, mweusi ule ulikuwa mwembamba. Lakini ulikuwepo, na ukiuchukua mkononi baada ya mvua ulinukia.

Siku moja kondakta wa basi la Sengerema alinipigia mluzi mbele ya ofisi. "Mama wa mashimo, nimetumwa. Bibi yako amefariki." Niliondoka nilivyo, na viatu vya ofisini.

Nilikuta wamekwisha kushusha jeneza. Nilisimama nyuma kabisa, maana sikuwa ndugu, na binti yake wa Buswelu alikuwa ananiona kwa mara ya kwanza. Katekista akamaliza sala. Vijana wakashika makoleo, na mimi nikafumba macho. Nimehudhuria misiba mingi, na kila mara wanapofukia hurusha ovyo, mweusi chini, mweupe juu, na mimi hugeuza uso pembeni kwa sababu hakuna mtu unayeweza kumwambia jambo kama hilo msibani. Nikasikia koleo la kwanza likiingia kwenye udongo.

"Ngoja."

Ilikuwa sauti ya Masanja. Nikafumbua macho. Watu waliokuwa mbele yangu walikuwa wamesogea, nikaliona kaburi, ubavuni mwa lile la mume wake. Kulia na kushoto kwake yalikuwa yametandikwa magunia. Kwenye la kushoto kulikuwa na lundo la udongo mweupe na mwekundu. Kwenye la kulia, mweusi, umekusanywa hadi chembe ya mwisho.

"Mwekundu kwanza," Masanja akawaambia vijana. "Mweusi mwisho."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walifukia, wakakanyaga, wakamalizia na mweusi, na Masanja akapiga magoti akazirudisha nyasi kwa mkono. Hakunitazama hata mara moja. Nadhani hakujua kama nimefika.

Mzee Magesa alitaka mwenye shamba akipita asijue kama ulikuwepo. Nimekuwa mtiifu kwake katika mashimo yangu yote, isipokuwa mawili ya pale, lile la darasa na hili la kaburi. Mjukuu mmoja alikuja na uji, akaniletea kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu. Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikakiosha mwenyewe, nikakirudisha kwenye msumari wake, nikaenda kuwahi kivuko.